Kupanga uwindaji wa mbuzi wa milimani bila kumaliza majike: mwongozo kamili

Swala pala hamsumbui mwindaji. Mwenye pembe ni dume, asiye na pembe ni jike, na sheria inayosema "piga dume tu" inatekelezeka hata kwa mgeni wa siku ya kwanza porini. Mbuzi wa milimani wa Amerika Kaskazini hana huruma hiyo. Dume ana pembe, jike ana pembe. Dume mweupe, jike mweupe. Wote wana ndevu, wote wana nundu ya mabega, na wote wanasimama kwenye jabali mita mia tatu kutoka ulipo huku ukungu ukipita katikati. Mara nyingine pembe za jike ndizo ndefu zaidi, na mwindaji anayetafuta nyara ya kutundika ukutani anajikuta amemlenga yuleyule ambaye mlima ulimhitaji.

Kwa hiyo anayepanga uwindaji wa mnyama huyu hawezi kuandika "majike marufuku" kisha akaenda kulala. Mwongozo huu ni wa huyo anayepanga: ofisa wa wanyamapori, mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka anayetaka kuona wenzetu wa huko wanavyofanya, mjumbe wa kamati ya kitalu cha uwindaji. Ni wa Mswahili pia aliyehamia Anchorage, Seattle au Calgary ambaye siku moja atashika kibali na kupanda mlima. Nitasema beberu kwa dume mkomavu na jike kwa mama yao. Mabeberu ninaowazungumzia ni wale wa ndevu na harufu, si wale wa hotuba za jukwaani.

Hatua ya 1: Jua kama mbuzi wako ni wenyeji au wageni

Mbuzi hawa ni wenyeji wa milima inayoanzia kusini mwa Alaska na Yukon, ikapita British Columbia na Alberta, ikashuka hadi Washington, Idaho na Montana. Karibu nusu ya mbuzi wote wa aina hii duniani wako British Columbia. Lakini wapo pia waliopelekwa na binadamu: Rasi ya Olympic huko Washington katika miaka ya 1920, Black Hills za South Dakota mwaka 1924, Colorado mwishoni mwa miaka ya 1940, kisiwa cha Kodiak mwaka 1952 na 1953.

Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu kinachofuata. Kundi jipya lililotua kwenye malisho ambayo hayajawahi kuliwa na mbuzi huongezeka haraka: majike wanaanza kuzaa mapema, mapacha si ajabu. Kodiak walipelekwa mbuzi wasiofika ishirini, leo wamejaa kisiwa kizima, na kazi ya maofisa huko ni kuwapunguza wasimalize majani. Katika hifadhi ya Grand Teton huko Wyoming, mwaka 2020 mbuzi waliohamia humo waliuawa kwa makusudi ili kuwanusuru kondoo mwitu wenyeji, na hapakuwa na aliyeuliza huyu jike au dume. Olympic nako zaidi ya mbuzi 300 walikamatwa kati ya 2018 na 2020, wakabebwa kwa helikopta na kupelekwa kwenye milima ya Cascade ambako ni kwao kwa asili.

Ukichukua mgawo wa Kodiak, yaani idadi ya mbuzi wanaoruhusiwa kupigwa, ukaupeleka kwenye kundi la wenyeji la Alberta au Montana, utalimaliza. Kosa hilo lilifanyika sana zamani: watu walipima makundi mageni yanayokua kwa kasi, wakadhani mbuzi wote wako hivyo. Kuanzia hapa nazungumzia makundi ya wenyeji.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya jike mmoja

Kabla ya kuhesabu kundi, kaa na karatasi uhesabu maisha ya jike mmoja. Wataalamu wamefanya hivyo mahali panapoitwa Caw Ridge, Alberta. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti, wakiwemo Marco Festa-Bianchet na Steeve Côté, waliwavisha mbuzi alama na kuwafuatilia mmoja mmoja mwaka hadi mwaka, kama mfugaji anavyojua kila mbuzi wake kwa jina.

Waliyoyaona huko ndiyo msingi wa sheria zote nzuri za mnyama huyu. Kwa kawaida jike haanzi kuzaa hadi awe na umri wa miaka minne au mitano. Mbuzi wa nyumbani pale Kongwa angekuwa bibi kwa umri huo. Akizaa, anazaa mmoja. Wanapandana Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba, mimba inachukua miezi sita na kitu, na wanambuzi wanazaliwa kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni. Mwaka unaofuata jike anaweza asizae kabisa, hasa kama bado ni kijana na amechoka kwa kunyonyesha.

Sasa chukua kalamu. Tuseme jike ameanza kuzaa akiwa na miaka mitano na amefika kumi na mbili. Ondoa miaka aliyopumzika, unabaki na wanambuzi watano au sita. Nusu yao ni wa kike, yaani watatu. Baadhi hawamalizi majira ya baridi ya kwanza. Wengine wanachukuliwa na mbwa mwitu, dubu au jabali kabla hawajafikia umri wa kuzaa. Mwisho wa hesabu, jike aliyeishi maisha marefu na mema ameacha binti mmoja wa kushika nafasi yake, labda na kidogo juu. Hakuna ziada. Ukimpiga akiwa na miaka sita, umeondoa na wale ambao hawajazaliwa.

Mfugaji atasema: lakini mnyama angekufa hata hivyo, kwa nini risasi isichukue anayekufa? Kwa mbuzi wa milimani haiko hivyo. Jike aliyekomaa ni mgumu kufa. Kifo cha risasi kinaongezwa juu ya vifo vingine, hakichukui nafasi yavyo. Na hivyo vingine vyenyewe havina adabu. Kusini-mashariki mwa Alaska, mbuzi 421 walivishwa kola za redio shingoni na kufuatiliwa kwa miaka 17. Maporomoko ya theluji peke yake yalisababisha zaidi ya theluthi moja ya vifo vyao. Poromoko halichagui, linazoa mama mwenye nguvu zake pamoja na mzee. Mwaka wa theluji mbaya, mlima umeshakula mgawo wako kabla hujafungua msimu.

Alberta walijifunza kwa uchungu. Makundi yalipungua hadi mwaka 1987 wakafunga uwindaji wa mbuzi katika jimbo zima. Haukufunguliwa tena hadi 2001, na ulipofunguliwa ulikuwa kwa vibali vya kuhesabika kwa vidole. Kilichowashangaza wengi ni kwamba hata bunduki ziliponyamaza, makundi mengi hayakurudi upesi. Kupoteza majike ni kazi ya misimu michache, kuwarudisha ni kazi ya kizazi.

Hatua ya 3: Hesabu kundi, na usijidanganye

Hesabu hufanywa kwa helikopta au ndege ndogo mwishoni mwa kiangazi cha huko hadi mwanzo wa vuli yao (majira kabla ya baridi, si mvua zetu za vuli), asubuhi mapema au jioni. Mchana wa joto mbuzi wanaingia kivulini na kwenye mapango, nawe utarudi ukisema mlima ni mtupu.

Andika makundi mawili tu: wanambuzi wa mwaka huu, na wengine wote. Usijaribu kutenganisha beberu na jike kutoka angani. Wapo wanaojaribu, na takwimu zao zinapendeza sana kwenye jedwali, ila haziaminiki. Uwiano wa wanambuzi kwa wakubwa utakutosha kujua kama majike wanazaa.

Rubani hawaoni wote. Kama una mbuzi wenye kola, angalia wangapi uliowaona kati ya waliokuwepo. Ukiwa na ishirini ukaona kumi na watatu, macho yako ni ya asilimia 65 siku hiyo, na kesho yanaweza kuwa mengine. Ushauri wangu: tumia kipimo hicho kujua hali ya kundi, lakini mgawo uukate kwenye idadi uliyoiona kwa macho. Wale usiowaona ndio akiba yako ya mwaka wa theluji mbaya.

Ruka mara moja kwa mwaka, maliza, ondoka. Mbuzi wa milimani anaogopa helikopta kuliko wanyama wengi. Côté alipopima woga wao alipendekeza helikopta za kawaida za shughuli nyingine zikae umbali wa kilomita 2 kutoka kwenye makundi. Wewe unayehesabu huwezi kukaa mbali hivyo, basi angalau usirudie.

Hatua ya 4: Gawa mlima vipande vidogo

Jike hahami hovyo. Anaishi na kuzeeka karibu na alikozaliwa, kwenye safu ileile, akifuata njia zilezile za kwenda kulamba chumvi ardhini. Ukiweka mgawo wa mbuzi kumi kwa wilaya nzima, wawindaji wote kumi watakwenda kwenye bonde lenye barabara. Bonde hilo litakuwa tupu huku jumla ya wilaya ikionekana nzuri kwenye ripoti.

Ndivyo ilivyotokea kusini-mashariki mwa British Columbia, eneo la Kootenay. Baada ya Vita Kuu ya Pili, barabara za magogo na migodi ziliingia mabonde ambayo zamani yalihitaji siku kadhaa za farasi. Makundi yaliyokuwa yamekaa salama kwa ugumu wa njia yakaisha moja baada ya jingine.

Kwa hiyo kila safu inayojitegemea iwe na mgawo wake na kufungwa kwake. Barabara mpya ikichongwa, punguza mgawo wa upande huo kabla ya msimu. Na sehemu za kulamba chumvi ziache kabisa: mbuzi wanafika hapo kwa saa inayojulikana, majike wakiwa na wanambuzi, na kuwavizia pale hakuna tofauti na kusubiri watu kisimani.

Hatua ya 5: Weka mgawo kwa pointi, si kwa vichwa

Hapa ndipo penye akili ya jambo zima. Wengi huuliza, "tupige wangapi?" Swali la mbuzi ni "tupige wa jinsia gani?" Alaska walikuja na njia ambayo mama muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, angeielewa bila kufundishwa: kila beberu ana bei yake, kila jike ana bei mara mbili.

Beberu mmoja ni pointi 1. Jike mmoja ni pointi 2. Kusini-mashariki mwa Alaska kiwango kinachotumika ni pointi 6 kwa kila mbuzi 100 waliohesabiwa. Zikifika, eneo linafungwa kwa tangazo la dharura, hata kama kalenda inasema msimu bado una wiki tano.

Tuchukue mfano. Umehesabu mbuzi 120 kwenye safu yako. Pointi zako ni 7. Wawindaji wakiwa makini, utapata mabeberu saba na wote watarudi na furaha. Wakipiga mabeberu watatu na majike wawili, pointi 7 zimekwisha, na wawindaji wawili ambao wangeweza kwenda mlimani wanabaki nyumbani. Wakipiga ovyo, majike watatu na beberu mmoja, mlango umefungwa baada ya risasi nne. Hakuna aliyetozwa faini wala kupelekwa mahakamani, ila kila mwindaji sasa ana sababu ya kumkazia macho mwenzake kijiweni: wewe ndiye uliyetumalizia msimu. Mimi naona njia hii ina nguvu kuliko askari kumi, kwa sababu inakaa na wawindaji hata mahali ambapo askari hafiki.

Mambo mengine ya kuweka chini ya mfumo huu:

Kundi dogo lisiguswe. Wapangaji wa British Columbia wametumia mpaka wa mbuzi wakubwa 50. Washington wao wanataka kundi lifike 100 kabla ya kutoa kibali. Kama bado unajifunza, chukua mpaka wa Washington.

Kiwango cha jumla kiwe cha unyonge. Kwa makundi ya wenyeji ya Alberta, watafiti walipopiga hesabu ya miaka mingi waliona hata asilimia 1 kwa mwaka, pale ambapo jinsia haichaguliwi, inatosha kuwa ukomo. Kwingineko, nje ya mfumo wa pointi, wanakwenda hadi asilimia 4. Anayekuambia asilimia 10 amezoea paa, au mbuzi wa Kodiak.

Na weka dari ya majike ndani ya jumla. British Columbia wametumia kigezo kwamba majike wasizidi asilimia 30 ya wote waliopigwa. Ikizidi miaka miwili mfululizo, usilaumu bahati. Rudi kwenye mafunzo, hatua ya 7.

Hatua ya 6: Chagua msimu

Fungua baada ya wanambuzi kupata nguvu, yaani si kabla ya Agosti, na afadhali Septemba. Funga kabla ya Novemba kukolea, kwa sababu wakati wa kupandana mabeberu wanashuka kwenye makundi ya majike, na ile dalili nzuri ya "aliye peke yake ni dume" inakufa.

Kuna mvutano hapa. Mwindaji wa ngozi anataka Oktoba na Novemba, manyoya yakiwa marefu na meupe pe. Manyoya hayohayo yanaficha korodani, yanaficha umbo na kufunika mashina ya pembe. Agosti manyoya ni mafupi na jinsia inaonekana. Anayepanga achague upande wa jike. Ngozi nzuri si hoja ya uhifadhi.

Usijifariji pia kwamba kufikia Oktoba mwanambuzi ameacha kunyonya hivyo hana haja na mama. Anakaa naye majira yote ya baridi, hadi mama anapokaribia kuzaa tena. Mama ndiye anayemfukuzia wenzake kwenye malisho machache yasiyofunikwa na theluji, na katika jamii ya mbuzi hawa majike wakomavu ndio wababe.

Hatua ya 7: Mfundishe mwindaji kutofautisha

Mfugaji wa Dodoma au Narok anamjua beberu kwa harufu kabla hajamwona. Mlimani upepo hausaidii. Unahitaji darubini kubwa ya miguu mitatu, siyo ya shingoni, na unahitaji muda. Kibali kisitolewe kwa asiyefanya mtihani wa picha. Idara ya uvuvi na wanyamapori ya Alaska imeweka jaribio la aina hiyo mtandaoni, na hata kama huendi kuwinda nakushauri ulifanye: utashindwa mara ya kwanza, na kushindwa huko ndiko somo.

Haya ndiyo ya kufundisha, kwa mpangilio wa kuaminika.

*Shina la pembe.* Hili ndilo la kwanza. Beberu ana shina nene, pana kuliko jicho lake, na mashina mawili yanakaribiana kiasi kwamba nafasi iliyobaki kati yake ni ndogo kuliko upana wa shina moja. Jike ana shina jembamba, halifikii upana wa jicho, na kati ya pembe pana uwazi mkubwa. Mwambie mwindaji asubiri mbuzi amtazame uso kwa uso. Ubavuni utaona upinde tu.

*Upinde.* Pembe ya beberu inapinda taratibu kuanzia chini hadi ncha, kama mundu. Ya jike inapanda karibu wima kisha inakunja ghafla karibu na ncha. Urefu usiutumie kabisa. Urefu ndio unaodanganya.

*Kukojoa.* Msiicheke hii, ni ushahidi safi. Jike anachuchumaa, beberu anajinyoosha mbele akiwa amesimama. Mwindaji mvumilivu atakaa saa nzima akisubiri mbuzi ainuke kutoka usingizini, kwa sababu akiinuka tu mara nyingi jambo la kwanza ni hilo.

*Nyuma, chini ya mkia.* Mkia ukiinuka, jike anaonyesha doa jeusi la uke. Beberu mwanzoni mwa msimu anaonyesha korodani, mradi manyoya hayajarefuka.

*Mwili.* Beberu mkomavu anamzidi jike uzito kwa kama asilimia 40 na zaidi, ana kifua na mabega mazito. Vuli ikikolea, tezi nyeusi nyuma ya pembe zake huvimba, na manyoya ya tumbo na mapaja yanachafuka kwa udongo, maana anachimba mashimo na kujipaka. Mbuzi mchafu wa Novemba huwa ni dume.

*Manyoya ya kiangazi.* Mabeberu wanapukutisha manyoya ya zamani mapema. Jike anayenyonyesha ndiye wa mwisho. Ukimwona mbuzi Agosti mapema bado ana matambara ya manyoya ya mwaka jana, shuku kwamba ni mama.

*Kampani.* Makundi yenye wanambuzi ni ya majike, pamoja na watoto wa mwaka jana na madume ya miaka miwili. Mabeberu wanakaa peke yao au wawili watatu, mara nyingi sehemu mbaya zaidi. Nimeiweka dalili hii mwisho makusudi, kwa kuwa wawindaji wanaipenda kuliko zote na ndiyo inayoua majike wengi. Mbuzi aliye peke yake anaweza kuwa jike asiyezaa mwaka huo, au mama ambaye mwanambuzi wake amelala nyuma ya jiwe. Upweke unakupa sababu ya kutoa darubini. Sababu ya kuvuta kifyatulio haijapatikana bado.

Weka kanuni moja ya kufunga somo: dalili tatu au hakuna risasi. Na moja kati ya hizo tatu iwe shina la pembe au kukojoa.

Ulinganisho wa kwetu upo. Tanzania iliweka sharti kwamba simba anayewindwa awe dume wa miaka sita na kuendelea, na wawindaji bingwa wakalazimika kujifunza kusoma manyoya ya shingo na rangi ya pua. Walinung'unika, wakajifunza. Jicho linafundishika likijua kwamba mwisho wa safari kuna mtu atakagua.

Hatua ya 8: Andika masharti yanayozuia uongo

Sharti la kwanza linajulikana Alaska na kwingineko: jike mwenye mwanambuzi hapigwi. Ni zuri, lakini lina tundu. Wanambuzi hucheza pamoja mbali na mama zao, na mwindaji anaweza kuapa kwamba "yule hakuwa na mtoto". Afadhali uandike hivi: mbuzi jike yeyote aliye kwenye kundi lenye mwanambuzi hata mmoja asipigwe. Mtamba ambaye hajazaa naye anapata kivuli humo.

La pili ni la adhabu. Kishawishi ni kupiga marufuku majike moja kwa moja na kumfunga anayekosea. Mimi nakipinga. Mwindaji aliyempiga jike kwa bahati mbaya, akijua faini kubwa inamngoja, atamsukumia bondeni, atafute mwingine, na daftari lako litaandika beberu mmoja huku mlima umepoteza wawili. Rasi ya Kenai, Alaska, walichagua njia ya kati: aliyepiga jike haitwi mhalifu, lakini anakaa miaka mitano bila kuruhusiwa kuwinda mbuzi huko. Inauma vya kutosha kumfanya atazame mara mbili, haiumi kiasi cha kumfanya adanganye. Adhabu kali iweke kwa anayeficha.

La tatu ni la mgeni. Alaska, asiye mkazi anayetaka kuwinda mbuzi lazima aongozane na mwindaji bingwa mwenye leseni au ndugu wa karibu aliye mkazi. Kama si raia wa Marekani wala mkazi, ni mwindaji bingwa tu. Ndugu zetu mnaowaalika shemeji kutoka Nairobi, zingatieni hilo kabla ya kukata tiketi.

La nne, vibali vitolewe kwa bahati nasibu pale wawindaji ni wengi kuliko pointi. Washington wanaenda mbali zaidi: kibali cha mbuzi ukikipata, ndicho cha maisha. Mtu mwenye nafasi moja maishani hana haraka ya kupiga wa kwanza anayemwona.

Hatua ya 9: Kagua pembe, funga mapema, andika upya

Kila aliyepiga alete pembe zikiwa bado kwenye fuvu. British Columbia wana ukaguzi wa lazima, Alaska wanapima. Taarifa yenyewe, kwa simu au mtandao, iingie ndani ya siku chache, maana pointi haziwezi kuhesabiwa kwa ripoti za Januari.

Mezani fanya mambo matatu. Thibitisha jinsia kwa upana wa shina, ambao hausemi uongo ukiushika mkononi. Muulize mwindaji alidhani ni nini kabla ya kupiga, na andika jibu lake hata kama alikosea. Utajua dalili ipi inawachanganya watu wako na kuiweka kwenye mtihani wa mwaka ujao. Kisha soma umri. Pembe za mbuzi hazidondoki, na kila majira ya baridi yanaacha pete. Pete ya kwanza inayoonekana vizuri ni ya majira ya baridi ya pili, hivyo hesabu pete na ongeza moja. Pete nne, mbuzi wa miaka mitano na miezi.

Umri wa majike waliopigwa unasema kuliko idadi yao. Mmoja wa miaka kumi na mbili amekwisha kuzaa sehemu kubwa ya alichokuwa nacho. Wawili wa miaka mitano na sita katika safu ileile ni sababu ya kutofungua safu hiyo mwaka unaofuata, hata kama pointi zilibaki.

Pembe zikisharekodiwa, mrudishie mwenyewe, ni zake. Kwako unabaki mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, bonde, jinsia, umri, alichodhani. Weka pembeni mwa mstari huo hesabu ya wanambuzi ya kiangazi na hali ya theluji ya majira yaliyopita, kisha mwezi wa pili, kabla maombi ya vibali hayajaanza kuingia, lifungue daftari la miaka mitano nyuma na uandike pointi za mwaka huu, safu moja moja.